Ukinunua Nyumba, Nunua Hadharani

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu kwa walimu na watumishi wa umma huko Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kununua, kuuza na kutengeneza nyumba. Mimi si mwanasheria, wala si fundi mwashi. Ni mwalimu niliyestaafu baada ya kuhamishwa mara sita, na kila uhamisho ulinifunza jambo juu ya nyumba. Mengine niliyalipia kwa fedha, na moja nilililipia kwa aibu. Kwa hiyo nitasema niliyoyaona, na sheria nitaigusa pale ambapo kila mtumishi hana budi kuijua.

Hali ya Chitete ya leo inatutaka tulizungumze jambo hili. Wilaya ya Momba ilimegwa kutoka Mbozi mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya yako hapa Chitete, katikati ya wakulima. Makao makuu huleta ofisi, ofisi huleta watumishi, na watumishi hutaka mahali pa kulala. Mtumishi ana mshahara kila mwezi lakini hana ardhi. Mkulima ana ardhi lakini hana mshahara. Watu wawili wa namna hii wakikutana bila utaratibu, mmoja wao ataumia, na kwa kawaida huumia yule ambaye hakuzoea karatasi.

Neno langu kubwa leo ni hili: nyumba hununuliwa hadharani. Anayeuza ni mtu mmoja, lakini nyumba ni ya jamaa nzima, ina majirani, na imo ndani ya kijiji. Hao wote wasipojua, hujanunua nyumba, umenunua ugomvi.

KOSA LANGU LA MWAKA 1988

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu kijana katika kijiji kimoja cha nyanda za juu. Ilikuwa mwezi wa Februari, wakati ambapo ghala za wengi zimekwisha na mahindi mapya bado yako shambani. Mzee mmoja alinijia akaniambia anauza nyumba yake ya tofali mbichi na kiwanja chake, kwa kuwa ana shida. Bei aliyoitaja ilikuwa ndogo. Nilijua kwamba ni ndogo, nikafurahi. Tuliandikiana usiku ule ule, kwa mwanga wa taa ya mafuta, kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Mashahidi walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa walimu wenzangu.

Mwezi wa Aprili mke wa mzee yule alirudi. Kumbe alikuwa amekwenda kumwuguza binti yake kijiji cha mbali. Alisimama uani kwangu, mzigo ukiwa bado kichwani, akaniuliza, "Mwalimu, sasa mimi nikapike wapi?" Sikuwa na jibu. Watoto wake wawili walikuwa katika darasa langu.

Wazee wa kijiji waliitana. Hawakunitukana. Waliniuliza tu kwa nini mtu aliyesoma alinunua nyumba usiku. Nyumba ilirudi kwa wenyewe. Fedha yangu ilikuwa imekwisha liwa, nami nililipwa kidogo kidogo kwa mahindi, mavuno mawili. Nasimulia haya kwa sababu sheria ilikuwapo siku ile. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa imekwisha kukataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mimi niliyesoma sikuijua, na wala sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kupata kitu cha bei rahisi.

ARDHI ISIYO NA KARATASI INA MWENYEWE

Ndugu zangu, wapo watumishi wanaodhani kwamba mkulima asiye na hati hana haki, na kwamba ardhi yake ni pori tu linalongoja mwenye fedha. Dhana hiyo ni ya makosa.

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Umilikaji wa moja kwa moja ulioachwa na wakoloni ulifutwa mwaka 1963. Tunachokuwa nacho sisi ni haki ya kuitumia na kuimiliki ardhi kwa masharti. Haki hiyo inaweza kuwa ya hati iliyotolewa na Serikali, au inaweza kuwa ya kimila. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Baadaye zikaja Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwezi Mei 2001. Sheria hizo zinatambua kwamba haki katika ardhi ina thamani, na kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume katika ardhi. Mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu tena.

Basi mzee anayelima hapa kwa jembe la baba yake ana mali. Mkimwendea, mwendeeni kama mwenye mali.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Jambo la kwanza ni kujua aina ya ardhi. Je, ni ardhi ya kijiji, au ni kiwanja kilichopimwa katika mpango wa mji? Jibu la swali hili ndilo linalokuonyesha ofisi ya kwenda.

Ikiwa ni ardhi ya kijiji, nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji mchana, saa za kazi. Yeye ndiye mwenye dhamana ya masijala ya ardhi ya kijiji. Omba utazame kama eneo hilo limeandikwa, na kwa jina la nani. Uuzaji wa haki ya kimila unahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji, nayo ina wajibu wa kutazama kama mnunuzi anaishi au anakusudia kuishi na kufanya kazi hapo. Sahihi ya mwenyekiti peke yake, iliyopatikana barabarani, haiwi kibali cha Halmashauri. Kibali hutokana na kikao, na kikao kina muhtasari. Omba nakala ya muhtasari huo. Mahakama ya Rufani imekwisha kuyakataa mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyofanyika bila kibali hicho, hata pale mnunuzi alipokuwa amelipa fedha yote.

Hapa niseme na neno la ziada. Mahali pengi imezoeleka kwamba kiongozi wa kijiji au mtaa hudai asilimia kumi ya bei ili aweke mhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haikumpa kiongozi yeyote fungu la bei kwa matumizi yake. Ada halali ya kijiji hulipwa kwa kijiji na hutolewa stakabadhi. Mtumishi anayetoa fedha bila stakabadhi ameshiriki kosa lile lile analolilalamikia barazani.

Ikiwa ni kiwanja kilichopimwa, nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi katika daftari la Msajili wa Hati. Upekuzi utakuonyesha mmiliki ni nani, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Uliza pia kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, maana deni la zamani halifutiki kwa kuhama kwa mwenye nyumba. Upekuzi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya nyumba.

Jambo la pili ni kumjua anayeuza. Ikiwa ana mke, au ikiwa ni mke mwenye mume, sharti wote wawili wawepo na watie sahihi. Mke wa pili naye asisahauliwe kama anaishi katika nyumba hiyo. Ikiwa nyumba ni ya urithi, taka kuona barua ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na mahakama, kisha uongee na warithi wengine. Usitosheke na kaka mkubwa anayesema, "Mimi ndiye baba sasa." Huenda ni kweli nyumbani kwao, lakini mahakamani itatakiwa barua. Na kwa kuwa tuko karibu na mpaka, ambapo jamaa wengi wa Tunduma wana ndugu zao wa damu Nakonde, ng'ambo ya Zambia, ikumbukwe kwamba asiye raia wa Tanzania kwa kawaida hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa utaratibu wake maalum. Asiwepo mtumishi wa kuazimisha jina lake kwa mtu mwingine.

Jambo la tatu ni kuukanyaga mpaka. Zunguka kiwanja pamoja na muuzaji na majirani wa pande zote nne. Kila jirani aonyeshe kwa kidole, na kila alama itajwe: mnyaa, mkonge, jiwe, mfereji. Jirani akikaa kimya au akitazama pembeni, usiendelee. Mfuate baadaye umwulize taratibu. Uliza kama kuna makaburi. Makaburi hayauzwi kwa siri, na watu wana haki ya kuja kuyasafisha. Uliza vilevile nani aliishi hapo zamani. Wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976, watu wengi nchini walihamishwa kutoka mahame yao na kugawiwa sehemu mpya, na madai mengine ya siku zile hayajaisha midomoni mwa wazee. Sheria inamtaka anayedai ardhi afungue shauri ndani ya miaka 12, lakini ugomvi wa jirani na jirani hauhesabu miaka.

Jambo la nne ni kuitazama nyumba yenyewe. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ikiwezekana iangalie mara mbili: siku ya mvua na siku ya jua. Siku ya mvua utaona maji yanakopita, na utaona bati linalovuja. Siku ya kiangazi utauliza maji ya kunywa yanatoka umbali gani. Tazama pembe za madirisha na milango. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka pembeni ni dalili kwamba msingi umeshuka. Gonga mbao za kenchi usikie kama mchwa wamekula ndani. Pima kimo cha maji kilichoandikwa ukutani na mafuriko ya miaka iliyopita, ukuta hautadanganya.

KUANDIKIANA NA KULIPANA

Mkataba mzuri si lazima uwe mrefu, ila uwe kamili. Uwe na majina ya pande zote mbili kama yalivyo katika vitambulisho, jina la mwenzi wa kila upande, mahali, ukubwa kwa hatua au kwa mita, na majirani wa kila upande. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Vitajwe vitu vinavyouzwa pamoja na nyumba: miti ya matunda, kisima, milango, na mazao yaliyosimama shambani. Mambo haya madogo ndiyo yanayozaa mashauri. Nimepata kuona watu waliokubaliana nyumba nzima wakashindwana kwa mwembe mmoja.

Mashahidi wasiwe marafiki zako tu. Wawepo wa upande wa muuzaji, wa upande wako, na majirani. Kama muuzaji hajui kusoma, mkataba usomwe kwa sauti mbele ya watu, katika lugha anayoielewa vizuri, na mtu wake wa kuaminika awepo. Kwa kiwanja chenye hati, uhamisho huandaliwa mbele ya wakili, huidhinishwa na mamlaka ya ardhi, na kodi na ushuru wa stempu hulipwa kwanza. Kukwepa kodi kwa kuandika bei ya uongo ni kujitia kitanzi, kwa sababu siku mkigombana mahakama itaisoma bei iliyoandikwa, na hiyo uliyoitoa kwa mkono haitakuwapo.

Fedha ipite benki au njia nyingine inayoacha kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari. Usilipe yote kabla hujakabidhiwa. Lakini pia usimwache mkulima na deni lisilo na tarehe, ukimwambia, "Nitakumalizia mkopo wangu ukitoka." Mkopo wako ukichelewa miezi sita, yeye hana nyumba na hana fedha.

Kuhusu mkopo, nawasihi muwe waangalifu. Zamani tulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania iliyoanza miaka ya mwanzo ya 1970, nayo ilianguka mwaka 1995, na madeni yasiyolipwa yalikuwa mojawapo ya sababu. Leo yapo mabenki yenye mikopo ya nyumba, na ipo Watumishi Housing. Kanuni inamwachia mtumishi theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato. Ukikopa mpaka ukafika ukingo huo, nyumba utaipata, ila watoto watalala njaa ndani yake. Hesabu karo, hesabu ugonjwa, hesabu na uhamisho, ndipo ukope.

Sasa nifike kwenye bei. Ndugu walimu, msinunue njaa ya mtu. Mkulima wa Momba akishavuna mpunga au ufuta wake, atauza kwa bei ya akili. Mwezi wa Februari atauza kwa bei ya tumbo. Kama mtu amekuja kwako kwa shida ya mgonjwa au ya chakula, mkopeshe kiasi unachoweza kwa maandishi, kisha mwambie suala la kiwanja tutalizungumza baada ya mavuno, na mama akiwepo. Ukipunjana naye leo, utakuwa jirani yake miaka 20. Utahitaji akusaidie nyumba ikishika moto, naye ndiye atakayekuja msibani kwako. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji ahame.

Baada ya kununua, usilale. Hakikisha jina limebadilishwa katika masijala ya kijiji. Kama kijiji kina cheti chake cha ardhi na mipaka imekwisha kukubaliwa, omba Hati ya Hakimiliki ya Kimila, na humo waandikwe mume na mke. Yakitokea magomvi, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, na watatu kati yao sharti wawe wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, husuluhisha tu, wala haliamui tena mashauri ya ardhi. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anzeni chini. Shauri linaloanzia kwa wakili mara nyingi hula thamani ya nyumba inayogombewa.

UKIUZA

Mtumishi huuza akihamishwa, na barua ya uhamisho haimpi muda. Ndiyo maana watumishi wengi huuza kwa hasara kwa dalali wa kwanza anayebisha hodi. Dawa yake ni kuweka karatasi tayari siku zote: mkataba wa kununulia, stakabadhi za pango, kibali cha ujenzi kama ulitakiwa, na hesabu ya vifaa ulivyonunua. Nyumba yenye karatasi huuzwa kwa wiki chache. Isiyo na karatasi hukaa miaka, au huuzwa nusu bei.

Mwambie mnunuzi ukweli. Kama bati linavuja, sema linavuja, mpunguze bei au ulizibe. Kama una mpangaji, mpe taarifa ya maandishi na muda wa kutosha, usimwuze pamoja na milango. Kama umeamua kutouza bali kuiacha, mwache mtu anayejulikana kwa maandishi, na umjulishe mtendaji. Nyumba isiyo na msemaji hupata wasemaji wengi.

Na dalali? Dalali anaweza kusaidia kukutanisha watu, lakini asiwe mdomo wa pande zote mbili. Ikiwa humjui muuzaji kwa uso, nawe umeshalipa, basi umemnunua dalali.

UKITENGENEZA

Wengi wetu hatutajenga nyumba mpya mara moja. Tutanunua nyumba ndogo na kuiboresha kwa mshahara. Hiyo ni njia njema, maana bandu bandu huisha gogo. Ila kazi ifuate mpango. Mara nyingi nimeona mtu ameweka vigae vya kung'aa sebuleni chini ya paa linalovuja.

Kwanza ni maji. Yaondoe maji ya mvua miguuni mwa ukuta: chimba mfereji, inua uwanja, ongeza upenu. Ukuta wa udongo wenye upenu mpana huishi kuliko ukuta wa tofali uliolowana kila masika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili ni paa. Ukinunua bati, jua kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba. La geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Mbao za kenchi zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijapanda. Paa likishakuwa zima, funga mfereji wa bati ukingoni. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Paa lenye mita za mraba 60, likipata mvua ya milimita 20 usiku mmoja, limepata lita 1,200. Hata kama sehemu itapotea, lita 1,000 zitaingia tangini. Hiyo ni ndoo 50 ambazo mama na watoto hawatabeba kichwani.

Tatu ni choo. Kiwe mbali na kisima, si chini ya mita 30, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Nyumba ya mwalimu ni shule pia; mtoto wa jirani hujifunza usafi kwa kuona choo chako kabla hajasoma kitabu.

Nne ni hewa. Huku chini kuelekea bonde la Ziwa Rukwa joto ni kali. Mkiongeza chumba, urefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Madirisha yatazamane ili upepo upite, na yawe na wavu wa kuzuia mbu. Kuta ziinuliwe kozi mbili au tatu zaidi, na liwekwe dari. Gharama hiyo hulipwa kwa usingizi.

Tano ni tofali. Tofali la kuchoma ni zuri, lakini tanuru hula miti mingi, na miti ikiisha hata kuni za kupikia zitakuwa ghali. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001 kuendeleza kazi ya kituo cha utafiti cha mwaka 1971, umehimiza tofali za udongo na saruji kidogo, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungamana zenyewe. Hazihitaji moto, na hupunguza saruji ya kujengea. Walimu watano au sita wakichanga kukodi mashine moja, kila mmoja atapata nyumba kwa zamu yake. Lakini tofali hizo, kama zile za saruji, sharti zifunikwe na kumwagiliwa maji kwa siku saba au zaidi. Fundi anayejenga kwa tofali za jana anakujengea ufa.

Na fundi mwenyewe apewe mapatano ya maandishi, alipwe kwa hatua: msingi, kuta, lenta, paa. Usimpe fedha ya vifaa mkononi. Nunua mwenyewe, uandike.

KWA KUMALIZIA

Ndugu Mwenyekiti, mtumishi wa umma anapoingia kijijini watu humtazama. Wanatazama anavyoamkia wazee, na wanatazama alivyopata kiwanja chake. Mwalimu aliyenunua mchana, mbele ya mama wa nyumba, majirani na Halmashauri ya Kijiji, akalipa bei ya haki na kuchukua stakabadhi, amefundisha somo ambalo haliko katika muhtasari wa Wizara. Yule aliyenunua usiku amefundisha pia, na kijiji hakitasahau.

Wale watoto wawili wa mwaka 1988 niliendelea kuwafundisha mpaka wakamaliza darasa la saba. Mama yao alinisalimia kila siku kwa adabu, na kila aliponisalimia mimi niliinamisha macho. Sitaki mmoja wenu aishi hapa Chitete akiinamisha macho mbele ya jirani yake. Mkitoka hapa, mwenye mpango wa kununua aanze kwa kuuliza swali moja: je, mama wa nyumba hii anajua?